Hati Inasema Wawili, Programu Inaridhika na Mmoja

Chukua mfumo wa kompyuta wa mikopo wa SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Hati ya usanifu, inayoeleza mfumo unavyotakiwa kufanya kazi, inasema mkopo unaozidi shilingi milioni 5 uidhinishwe na maofisa wawili. Ukiufungua msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, unakuta idhini moja inatosha. Wala hakuna mwizi: ofisa mmoja alikwenda likizo, mtaalamu akalegeza sharti kwa wiki moja, akasahau kulirudisha.

Tofauti za namna hii hazipigi kengele, kwa kuwa programu inaendelea kufanya kazi. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipofika Mirihi. Hati ilitaka msukumo wa injini uandikwe kwa vipimo vya nyutoni. Programu moja huku duniani ikautoa kwa vipimo vya pauni. Pauni moja ya nguvu ni takriban nyutoni 4.45, na chombo kikapita chini mno.

Programu za kawaida za ukaguzi hutazama msimbo tu, hati hazizisomi. Modeli za lugha, aina ya akili unde inayojibu maswali kwa maandishi, husoma vyote viwili, na hapo ndipo faida yake ilipo. Ila usiiulize, "Je, msimbo unafuata usanifu?" Mara nyingi itakuitikia ndiyo, kwa adabu zote. Ipe sharti moja moja, ikuonyeshe faili na mstari unaolitekeleza, na kama haupo iseme haupo. Kisha mtu aufungue mstari huo kwa macho yake, maana modeli hutunga hata namba za mistari. Fanya hivyo kila msimbo unapobadilishwa. Ukingoja mwisho wa mwaka, tofauti zitakuwa lundo.

Na taarifa za wanachama usiipe modeli. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Weka majina ya kubuni.

Ninachokiogopa zaidi ni kuiambia modeli "iondoe tofauti" kati ya hati na msimbo. Haijui upi ni sahihi. Ikiirekebisha hati ifuate msimbo, usahaulifu wa yule mtaalamu unageuka kuwa sera ya chama, na karatasi zote zinakubaliana. Uamuzi huo ni wa bodi.

Bodi ikishaamua kuwa hati ndiyo sahihi, iagize modeli iandike jaribio, yaani programu fupi ya kuupima mfumo: mkopo wa milioni 6 wenye idhini moja, mfumo uukatae. Modeli ukiiuliza mara mbili inaweza kukupa majibu mawili. Jaribio hilo litajibu vilevile kila siku, hata ofisa akiwa likizo.