Torati kwa Wayahudi: andiko na mjadala wake

Mkristo akisikia Torati hufikiria vitabu vitano vya kwanza vya Biblia, tangu Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati. Mwislamu hukumbuka Taurati aliyoteremshiwa Nabii Musa. Wayahudi nao wana vitabu hivyo vitano, na ndivyo vyenye heshima kubwa kuliko vyote katika Tanakh, yaani maandiko yao matakatifu, ambayo kwa hesabu yao ni vitabu 24. Lakini anayedhani Myahudi mshika dini hufungua tu kurasa hizo na kutii alichosoma, atashangaa akiingia jikoni kwake.

Atakuta sufuria za nyama zimetengwa na za maziwa, na sahani vilevile. Aliyekula nyama hatii maziwa kwenye chai yake hadi zipite saa kadhaa. Kwa wengi ni sita. Chanzo cha yote haya ni amri fupi iliyorudiwa mara tatu katika vitabu vya Musa: usimchemshe mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Basi. Hakuna neno juu ya sahani, wala saa, wala kuku, ambaye marabi walimtia kwenye katazo hilo ingawa hajawahi kunyonyesha kifaranga.

Hayo yametoka katika Torati ya mdomo. Marabi hufundisha kwamba pale Sinai Musa alipewa andiko pamoja na ufafanuzi wake, na ufafanuzi huo ukapokezwa kwa mdomo toka mwalimu hadi mwanafunzi. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70, na yapata mwaka 200 Rabi Yehuda ha-Nasi akakusanya mafundisho hayo katika Mishna. Vizazi vilivyofuata viliijadili Mishna yenyewe, na mijadala hiyo ndiyo Talmudi. Zipo mbili, ile ya Babeli ndiyo yenye uzito zaidi, na ni kubwa kiasi kwamba anayesoma karatasi moja kila siku huimaliza kwa takriban miaka saba na nusu.

Talmudi haifanani na kitabu cha sheria cha mahakamani. Ni mabishano, na hoja iliyoshindwa huandikwa pamoja na iliyoshinda. Chukua amri ya jicho kwa jicho. Rabi mmoja anauliza: kipofu akimpofusha mwenzake, utamtoa jicho gani? Hoja za namna hiyo zinawafikisha kwenye uamuzi kwamba amri inadai fidia ya fedha, si jicho la mtu.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha tanuri. Rabi Eliezer alibishana na wenzake kama tanuri la aina fulani laweza kunajisika. Alipoona hoja zake zimekataliwa, akaomba ishara: mti ukang'oka, maji ya mfereji yakarudi nyuma, mwisho sauti ya mbinguni ikatangaza kwamba yeye ndiye mwenye haki. Rabi Yehoshua akasimama akajibu kwa maneno ya Torati yenyewe: haiko mbinguni. Sheria imekwisha kutolewa, na sasa wengi ndio wanaoamua. Nani mwingine angethubutu kuandika hivyo katika kitabu chake cha dini?

Uhuru huo hauligusi andiko lenyewe. Gombo linalosomwa katika sinagogi huandikwa kwa mkono kwenye ngozi ya mnyama halali, na likipungukiwa herufi moja tu halifai kusomewa ibada hadi lisahihishwe.

Si Wayahudi wote wanaoikubali Torati ya mdomo. Wakaraiti huikataa tangu enzi za kati, wakisema andiko linatosha. Huku kwetu, mwaka 1919 karibu na Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alianza na andiko peke yake: alivisoma vitabu vya Musa katika Biblia aliyopata kwa wamisionari, akatahiriwa na kujitangaza Myahudi pamoja na wafuasi wake. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Wazao wa jumuiya hiyo, Abayudaya, wapo hadi leo na wana marabi wao.