Siku 90 za rihabu si amri ya sheria

Familia nyingi zinazoleta mgonjwa wa pombe kwenye kituo cha rihabu, yaani cha kutibu uraibu, hapa Nakuru huja zimeshaambiwa kwamba "sheria inataka" akae siku 90. Haitaki. Sheria ya 2012 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho 2022 na ile ya dawa za kulevya ya 1994, hakuna hata moja inayoamuru kila mraibu afungiwe miezi mitatu. Siku hizo zimo kwenye mkataba wa kituo, na mkataba hujadiliwa.

Sheria ya 1994 inampa hakimu nafasi ya kuagiza sehemu ya kifungo cha mraibu aliyepatikana na dawa za matumizi yake mwenyewe itumike kwenye matibabu. Huko muda unafuata hukumu. Kijana aliyeletwa na mamake kutoka Njoro hana hukumu yoyote juu yake.

Hesabu ya 90 yenyewe ina msingi. Taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani, NIDA, ilieleza kwamba matibabu ya chini ya siku 90 huwa na manufaa machache. Ila ilihesabu matibabu ya kulala kituoni na ya kwenda na kurudi pia. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kulazwa ukifuatwa na miezi miwili ya kliniki kila wiki unatimiza siku zilezile, na mara nyingi kwa gharama nafuu zaidi. Kwa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, taasisi hiyo iliweka kima cha chini cha miezi 12. Mtumiaji wa heroini asitarajie kumaliza kazi kwa miezi mitatu.

Siku zinazotisha ni za mwanzo. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla, kifafa kinaweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuweweseka, kutetemeka, joto kupanda na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya saa 48 na 96, na hali hiyo huua. Anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa hatua kwa hatua kwa takriban wiki moja, kwa kipimo cha daktari au afisa wa kliniki, pamoja na thayamini, yaani vitamini B1. Thayamini itangulie dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikiingia mwili ukiwa hauna vitamini hiyo, ubongo unaweza kuumia kabisa. Kabla ya kuuliza bei, uliza nani yuko zamu saa nane usiku. Ukijibiwa "mlinzi", mpeleke mgonjwa hospitali kwanza, rihabu itafuata.

Tukitaka sheria kuhusu muda, naomba isimfunge mgonjwa, imfunge mlipaji. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilifanya hivyo 2017: kampuni za bima zinazoongozwa na sheria hiyo zinapaswa kugharamia hadi siku 180 kwa mwaka, na katika siku 28 za kwanza haziruhusiwi kuhoji kama matibabu yanahitajika. Daktari ndiye anayeamua mgonjwa akae kwa muda gani. Kwetu siku zikiandikwa kuwa za lazima kwa mgonjwa, nahofia zitakuwa leseni ya kumzuia mtu aliyepona na kumtoza mzazi aliyeuza ng'ombe.

Mkatabani sisitiza tathmini ya maandishi kila wiki mbili, na kifungu cha kurudishiwa pesa mgonjwa akiruhusiwa mapema. Kifungu hicho ndicho vituo hukikwepa sana.

Mtu wa heroini akitoka, mwili umeshasahau kipimo cha zamani, na akirudia kiasi kilekile anaweza kuacha kupumua usiku huohuo. Aondoke na karatasi yenye tarehe ya kliniki ndani ya siku 7, jina la mshauri nasaha atakayempokea na orodha ya dawa zake. Nyumbani waelezwe dalili za kuzidisha dawa: midomo kuwa ya buluu, mkoromo mzito, kutoamka akitikiswa. Wakiziona wamlaze kwa ubavu na kumkimbiza hospitali mara moja.