Doa la unyayo na jeni zilizosahau kulala

Juzi mama mmoja muuza sambaza pale Kadutu, hapa Bukavu, alivua sapatu mbele yangu akageuza mguu: doa jeusi chini ya kisigino, mipaka imepindapinda kama pwani ya Kivu, katikati limeanza kutoa maji. Akaniuliza, "Dokta, wanasema kanseri ya ngozi ni ya wazungu, inaletwa na jua, sasa huku chini jua linapitia wapi?"

Swali zuri kabisa. Melanoma, ndiyo kanseri ya ngozi ya doa kama hilo, inaanzia mu seli zenye kutengeneza rangi, melanositi, na hizo hazikuzaliwa mu ngozi: mtoto akiwa bado tumboni zinatoka mgongoni, kandokando ya pale uti unapojengwa, zinaanza safari, zinapenya katikati ya seli zingine paka zifike kwenye ngozi, jeni kama SOX10 na MITF ndizo zinaziongoza. Zikifika zinatulia. Kanseri hii ni seli kurudia tabia zile za utotoni. Mu 2016 labo ya Leonard Zon, kule Boston, walichukua samaki wadogo wa zebrafish, jeni moja ya kiinitete inaitwa crestin wakaifanya ing'ae kijani kila inapoamka. Seli nyingi za rangi za samaki hao zilibeba jeni BRAF iliyoharibika, ile inayosukuma seli zizaliane, lakini hapa na pale kaseli kamoja tu ndiko kaliwaka, na palipowaka ndipo uvimbe ulikuja. Ndiyo maana baka la kawaida linaweza kuwa na BRAF hiyohiyo na likakaa kimya hadi uzeeni.

Haya, mguu sasa (hata Bob Marley, aliyekufa 1981, yake ilianzia ku kidole cha mguu). Kuna jeni za HOX13, kazi yao tumboni ni kuambia kiungo: hapa ndio mwisho, weka vidole. Melanositi za unyayo hazisahau anwani hiyo hata ukubwani. Mu 2022 timu ya Richard White ya New York walionyesha kwamba jeni CRKL ikizidi, samaki anaota uvimbe zaidi ku mapezi, juu HOX13 zinapandisha ishara ya kukuza seli inayoitwa IGF na CRKL inazidi kuikoleza. Na pezi ni ndugu ya mguu wetu.

Nikamuambia: mama, si jua, ni anwani. Nikakata kipande, nikakitumbukiza mu formoli. Alikuwa amepaka majani miezi minane, hapo sikusema kitu.

Akivaa sapatu akauliza: "Na wale samaki, wakiisha kuwapima, wanawala?"