Kwa nini penye polisi wengi ndo penye wezi wengi?

Ukipanda basi la Dar kwenda Morogoro omba siti ya mbele kabisa, umwangalie dereva. Lori linalokuja mbele likiwasha taa mara mbili, dereva wako hasemi kitu, anashusha tu mwendo mpaka 50, mnapita kijijini taratibu kama mnasindikiza msiba, na kweli trafiki yupo chini ya mti na tochi yake ya kupimia mwendo, mkishampita kidogo tu basi linanguruma tena kama kawaida. Sasa jiulize, pale mtini na mbele kidogo hapohapo kijijini sheria ni ileile, kibao cha mwendo ni kilekile, faini ni ileile elfu 30, kwa hiyo kilichombadilisha dereva ni nini? Ni uwezekano wa kukamatwa, basi. Na ule mwanga wa taa za lori ni taarifa ya bure kuhusu huo uwezekano.

Mi kazi yangu ni takwimu, na huwa nafuatilia sana hii fani ya uchumi wa uhalifu, yaani kupima kwa hesabu nini kinamfanya mtu avunje sheria au aache (watu wakisikia hivyo wanadhani nakamata wanaotakatisha fedha, hapana jamani). Fani yenyewe kwa sura ya sasa ilianza na makala ya mchumi Gary Becker ya mwaka 1968. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa anachelewa kwenda kumsahili mwanafunzi pale Columbia, New York, akawa na mawili, alipie maegesho yaliyoko mbali au aache gari barabarani pasiporuhusiwa. Akapiga hesabu haraka, nikikamatwa faini kiasi gani, na nafasi ya kukamatwa ni kubwa kiasi gani, akaacha gari barabarani. Halafu njiani akawaza, kumbe na hao wanaotoza faini lazima nao wamepiga hesabu kama yangu. Mwaka 1992 akapewa Nobeli ya uchumi, sio kwa hilo peke yake lakini limo.

Turudi kwenye tochi. Tuseme dereva anayekimbiza anakamatwa safari moja kati ya kumi, basi kwa wastani kila safari inamgharimu 3,000. Ukitaka ifike 6,000 una njia mbili: faini iwe elfu 60, au akamatwe safari mbili kati ya kumi. Kwenye karatasi ni kitu kimoja. Mfukoni mwa serikali sio kitu kimoja hata kidogo, maana kupandisha faini ni kuandika tarakimu mpya tu wakati kuongeza trafiki ni mshahara, sare na pikipiki. Ndo maana wanasiasa wa kila nchi wanapenda sana neno "adhabu kali", ni bei rahisi. Ila tangu mwaka 1764 yule Muitaliano Cesare Beccaria alishaandika kwamba mhalifu anazuiwa na uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Nani yuko sahihi? Hapo ndo data inatakiwa iongee, na data ya uhalifu ina ujanja mwingi.

Nikiwa bado kijana kwenye kazi nilipewa takwimu za kata kadhaa, idadi ya polisi na idadi ya wizi ulioripotiwa, nikapiga regresheni yangu (hesabu ya kuona kitu kimoja kinavyoendana na kingine) nikafurahi, nikapeleka. Matokeo yalionyesha kata yenye polisi wengi ina wizi mwingi. Bosi akasoma akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo dogo unashauri tufunge vituo?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kosa langu ni kwamba polisi hawamwagwi kama mvua, wanapelekwa kule ambako tayari kuna wizi. Ni kama uhesabu madaktari na wagonjwa halafu useme madaktari ndo wanaleta magonjwa. Na juu ya hapo kuna hili la kuripoti: palipo na kituo jirani watu wanaenda kuripoti, pasipo na kituo mtu anaibiwa simu ananyamaza, kwa hiyo polisi wakiongezeka wizi wa kwenye daftari unaweza kupanda hata kama wa mtaani umeshuka.

Dawa yake ni kutafuta sehemu ambayo polisi waliongezwa kwa sababu isiyohusiana kabisa na wizi. Mfano ninaoupenda, japo chanzo chake ni msiba mkubwa, ni Buenos Aires. Tarehe 18 Julai 1994 bomu lililipua jengo la AMIA, kituo cha jumuiya ya Wayahudi, watu 85 wakafa. Wiki moja baadaye serikali ya Argentina ikaweka polisi saa 24 nje ya kila taasisi ya Kiyahudi na ya Kiislamu nchini, sinagogi, shule, klabu, msikiti. Zingatia, hawakuwekwa pale kwa sababu ya wezi wa magari, waliwekwa kwa sababu ya magaidi. Kwa hiyo kwa macho ya mwizi wa gari ni kama polisi wameanguka kutoka angani kwenye baadhi ya mitaa tu.

Wachumi wawili, Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky, wakachukua maeneo matatu ya jiji, vipande vya mitaa 876, ambapo 37 vilikuwa na taasisi inayolindwa, wakahesabu magari yaliyoibiwa kabla na baada. Kwa nini magari? Kwa sababu ya bima, bila ripoti ya polisi hulipwi, kwa hiyo hakuna anayenyamaza. (Hii akili ndogo tu lakini mi huwa naivulia kofia kila mara.) Wizi wa magari kwenye kipande chenye ulinzi ulishuka kama asilimia 75. Asilimia 75! Lakini sogea kipande kimoja au viwili pembeni, karibu hakuna mabadiliko. Ni yule yule trafiki chini ya mti, ukishampita amekwisha. Makala yao ilitoka mwaka 2004, na baadaye watafiti wengine wakairudia wakasema ngoja kwanza, inawezekana wezi walihamia mitaa ya mbali zaidi, na ubishi huo una msingi, mwizi naye ana miguu. Ila London baada ya mabomu ya Julai 2005 walijaza polisi katikati ya jiji kwa kama wiki sita, uhalifu ukashuka, polisi walipoondoka ukarudi. Kwa hiyo kwenye uwepo wa polisi ushahidi umesimama vizuri.

Kwenye ukali ndo kuna shida. Mwaka 1975 mchumi Isaac Ehrlich alitoa makadirio kwamba kila mtu mmoja anayenyongwa Marekani anaokoa watu kama wanane wasiuawe, mwaka uliofuata yakafikishwa hadi Mahakama ya Juu kabisa ya huko. Wengine wakaichukua data ileile ya 1933 hadi 1969, wakaondoa tu ile miaka ya mwisho baada ya 1962, matokeo yakayeyuka. Matokeo yanayoyeyuka hivyo usimnyonge nayo mtu.

Siwezi kusema ukali haufanyi kazi kabisa, maana kuna Italia. Julai 2006 walipitisha msamaha, mfungwa aliyebakiza chini ya miaka mitatu anatoka, ila akifanya kosa kubwa ndani ya miaka mitano anarudi kumalizia alichobakiza juu ya kifungo kipya. Chukua watu wawili, kosa moja, kifungo sawa, mmoja aliingia mapema kwa hiyo amebakiza miezi mitatu, mwenzake kabakiza thelathini. Bahati ya tarehe tu. Kila mwezi mmoja wa kiporo ulipunguza uwezekano wa kurudia kosa kwa kama asilimia 1.3. Wakati Florida, Marekani, kijana akitimiza miaka 18 adhabu zinapanda ghafla, lakini makosa yanashuka kiduchu sana. Mi naona tofauti ni kwamba Muitaliano aliambiwa deni lake kamili mlangoni akitoka, yule kijana pengine hata hajui meza ya adhabu imebadilika usiku wa kuamkia birthday yake.

Nikielezea haya kijiweni kuna mzee mmoja huwa ananikatisha, "Kwa hiyo mwanangu tuweke polisi kila kona, si ndio?" Namrudisha Buenos Aires. Kule bila ulinzi kila kipande kilikuwa kinaibiwa gari kama 0.1 kwa mwezi, ulinzi ukaondoa kama 0.08, zidisha kwa miezi 12 unapata gari moja kwa mwaka. Na kumweka polisi mmoja pale saa 24 kwa zamu, na mapumziko yao, unahitaji watu wanne hivi. Mishahara minne ya mwaka mzima, gari moja. Mzee akakuna kidevu, akauliza gari lenyewe ni aina gani.