Ukienda mlimani kuona maua, piga magoti

Watu wengi nikiwapeleka juu kuona maua pori wanasimama, wanapiga picha mteremko mzima umejaa rangi, halafu wanataka kuendelea kupanda. Mimi ni mtu wa botania, nimebobea kwenye hii mimea ya milima yenye theluji, na nawaambia kila siku shukeni chini jamani, pigeni magoti kabisa, maana mambo yote yako sentimita chache tu kutoka ardhini.

Hewa inapoa kama nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000 na upepo unakausha kila kitu, kwa hiyo ukishapita pale miti inapoishia, mmea mrefu hauwezi kudumu. Angalia Silene acaulis, ule uliojikunja kama mto mdogo wa kulalia, wa kijani, umejaa vijiua vya pinki. Majani yamebanana mpaka upepo haupenyi, na jua likiwaka joto la ndani linaweza kuzidi la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi, weka kiganja taratibu utalisikia mwenyewe. Ila unakua polepole mno, kuna iliyokadiriwa kupita miaka 300! Ndo maana nikiona mtu kaukanyaga akitafuta engo ya selfi roho inaniuma kweli.

Dryas octopetala nao una ujanja wake. Ua lake jeupe, mara nyingi petali 8, limekaa kama dishi na linageuka kufuata jua, joto linakusanyika katikati, na nzi wanakuja kuota jua humo (mimi naweza kukaa hata nusu saa nawaangalia tu) wakiondoka wamebeba chavua. Nzi ndio, kule juu wanafanya kazi kubwa sana ya uchavushaji.

Ila ninaoupenda kuliko yote ni Ranunculus glacialis, huko milima ya Alps, Ulaya, umeonekana hata juu ya mita 4,000. Msimu ni mfupi, kwa hiyo machipukizi ya maua yanaanza kuundwa misimu ya nyuma, yanalala chini ya theluji yakiwa tayari, ikiyeyuka tu yanafunguka. Yanaanza meupe, yakizeeka yanakuwa pinki.

Na ukifika ukakuta huku chini yameshanyauka usirudi nyumbani, panda zaidi au tafuta vibonde ambavyo theluji imechelewa kuisha, pale pembeni yake maua ndo kwanza yanafunguka.