Debe kubwa, unga kibaba: tunayoyaamini kuhusu video, kutoka diski hadi simu

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kibandani kwangu na kikapu. Akafunua khanga, akatoa mkanda wa VHS wa harusi yake ya mwaka 1996. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, nihamishie huu kwenye flashi. Ila uwe 4K, maana TV aliyonunua kijana wangu ni ya 4K."

Simlaumu. Kazi yangu ni kuhamisha mikanda, kuchoma diski na kuhariri video za harusi, na mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nasoma namba ya kwenye boksi kana kwamba ndiyo picha yenyewe. Kumbe namba ile ni ukubwa wa debe tu. Ukimimina kibaba cha unga kwenye debe, debe litabaki kubwa na unga utabaki kibaba. Haya ndiyo ninayoyarudia kaunta kila siku, bora niyaandike mara moja.

"Mkanda wa zamani unageuzwa kuwa 4K"

Mkanda wa VHS, hata ukiwa mpya, hutofautisha kama nukta 320 kwa upana wa picha, na mistari 576 kwenda chini kwa PAL, mfumo wa TV tuliokuwa tukiutumia. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8. Kwa kila nukta moja aliyoikamata mpiga picha siku ile ya harusi, kompyuta itabidi izue nyingine arobaini na ushei. Faili litakuwa 4K kweli, TV itaandika 4K pembeni, na uso wa bibi harusi utakuwa uleule wenye ukungu.

Zipo siku hizi programu za akili mnemba zinazokuza picha. Kwenye ukuta wa matofali au majani ya mti zinapendeza. Kwenye nyuso zinakisia: zinaweka kope, zinapanga meno, zinanyoosha pua. Niliwahi kumkuzia mteja video ya marehemu baba yake. Akaitazama kwa makini, akasema, "Kijana mtanashati. Ni nani huyu?"

Kinachosaidia kweli kiko mwanzoni mwa kazi: deki nzima, kichwa chake kisafi, mkanda ambao haujaota fangasi. Na deki nzima ndizo zinazoadimika. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Zangu mbili zinaishi kwa kuibiana vipuri. Mwenye mkanda kabatini asingoje sana.

"Blu-ray ilishinda kwa sababu picha yake ilikuwa bora"

Hii naisikia kwa vijana wanaofuatilia historia ya mitambo. Mwaka 2006 ziliingia sokoni kwa mpigo diski mbili za HD, yaani picha yenye nukta nyingi kuliko ya DVD: HD DVD iliyoongozwa na Toshiba, na Blu-ray ya Sony na wenzake. Zote zilisomwa kwa leza ya rangi ya bluu inayoelekea zambarau, yenye wimbi la nanomita 405, wakati leza ya DVD ni nyekundu ya nanomita 650. Wimbi fupi ni kama kalamu ya ncha nyembamba: ukurasa uleule unabeba maandishi mengi zaidi. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7. HD DVD ilibeba 15, Blu-ray 25, na kila moja iliongezeka maradufu ikiwa na matabaka mawili.

Basi Blu-ray ilikuwa na debe kubwa, hilo halina ubishi. Lakini diski zote mbili ziliruhusu mbinu zilezile tatu za kubana video, na Warner, kampuni ya filamu ya Marekani iliyokuwa ikitoa filamu zake kwa pande zote mbili, mara nyingi iliweka picha ileile huku na kule. Tena mwanzoni Blu-ray ndiyo iliyosemwa vibaya, kwa sababu baadhi ya filamu zake za kwanza zilibanwa kwa MPEG-2, mbinu ya enzi za DVD, zikajazwa kwenye tabaka moja.

Kilichoamua ni biashara. PlayStation 3, mashine ya gemu ya Sony, ilitoka Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray tumboni, kwa hiyo kila aliyenunua gemu alinunua na deki bila kukusudia. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kuegemea Blu-ray. Mwezi uliofuata maduka ya Walmart yakafanya hivyohivyo, na tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kwamba inaacha. Mshindi naye hakufaidi muda mrefu, maana Netflix ilikuwa imeshaanza kurusha filamu kwa intaneti tangu Januari 2007. Huku kwetu vita hivyo vilipita kama mvua ya jirani: wengi tuliruka kutoka VCD na DVD moja kwa moja hadi flashi na simu.

Watu wazima kidogo huniletea ya Betamax, mkanda wa Sony ulioshindana na VHS, kwamba ilikuwa bora mno ikashindwa kwa hila. Betamax ilitoka 1975 na kanda yake ilirekodi saa moja. VHS ya JVC ilikuja 1976 na saa mbili. Tofauti ya picha ilikuwa kiduchu, na Sony walipopunguza mwendo wa kanda ili irekodi muda mrefu, hata hicho kiduchu kikayeyuka. Filamu moja haienei saa moja. Mnunuzi alipiga hesabu hiyo tu.

"Diski ikikwaruzika chini imekwisha, juu si neno"

Hapa ndipo dawa ya meno inapoingia. Nimeletewa diski zinazonukia minti, zimesuguliwa kwa mviringo mpaka zimepata weupe kama jicho la mtoto wa jicho.

Kwenye CD, na VCD ni CD vilevile, data iko juu, chini kidogo tu ya lebo, imefunikwa na rangi nyembamba. Upande wa chini ni plastiki ya zaidi ya milimita moja, na leza inapita ndani yake kama unavyotazama mtaa kupitia kioo cha dirisha. Mkwaruzo mwepesi wa chini ni kioo kuchafuka. Mkwaruzo wa juu ni mtaa wenyewe kubomoka. Ukiinua VCD juani ukaona tundu la mwanga, hata upake nini haitapona. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, data iko katikati kama siagi kwenye mkate. Blu-ray ndiyo data yake ipo chini kabisa, milimita 0.1 tu kutoka usoni, na ndiyo maana hupakwa ngozi ngumu.

Dawa ya meno ni msasa laini, kwa hiyo mara mojamoja hupoza mkwaruzo mdogo. Tatizo ni mkono unaozunguka. Njia ya leza ni ya mviringo, na alama inayofuata njia hiyo inaziba data mfululizo. Alama inayoikata njia hugusa kidogo hapa, kidogo pale, na deki ina hesabu za kuziba mapengo madogo. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja.

Kingine: diski ya kawaida ya tabaka moja husomwa kuanzia ndani. Filamu ikianza vizuri kisha ikakwama karibu na mwisho, tazama ukingo wa nje, huenda ni alama za vidole tu. Na diski tunazochoma wenyewe data yake imo kwenye rangi ambayo jua huichosha. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, usinilaumu mimi niliyeichoma.

"Deki imeikataa, basi diski ni feki"

Si lazima. DVD ziligawiwa kwa kanda za dunia. Tanzania na Kenya zimo kanda ya 5, Uingereza na nchi za Ghuba ziko kanda ya 2. Zawadi halali kabisa kutoka London ilikuwa inagoma kwenye deki halali ya hapa, ilhali ya kuchoma mtaani, isiyo na alama ya kanda, inapiga bila maswali. Haki iko wapi?

"King'amuzi maana yake HD"

Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na watu wengi walielewa kwamba digitali na HD ni kitu kimoja. Digitali ni namna ya kusafirisha picha. Masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia sasa yanabeba kadhaa, na mrushaji ndiye anayeamua: chache zenye HD, au nyingi za ubora wa kawaida. Kilichoondoka kwa hakika ni chenga. Zamani mawimbi yakidhoofika picha ilizidi kuchafuka lakini mpira ulifuatilia. Leo inaganda mchezaji akiwa hewani, na bao unalisikia kwa jirani. TV ya chogo nayo haikuhitaji kutupwa, ilihitaji king'amuzi na waya wa rangi tatu. Nilinunua mbili kwa bei ya kutupa wakati ule, na nitaeleza kwa nini sijajuta.

"TV ya 4K lazima ionekane bora sebuleni"

Pima kwanza kutoka kochi hadi ukutani. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Mtu mwenye macho mazima akikaa mita 3, jicho lake linaweza kutenganisha kama nukta 1,100 hivi kwenye upana huo. Full HD ina 1,920. Kwa hiyo hata Full HD hamalizi, seuze 3,840 za 4K. Ili uione tofauti inabidi usogee ndani ya mita 1.7, umbali ambao mama zetu walikuwa wakitufukuza.

Siyo kwamba TV za 4K ni utapeli. Nyingi zina rangi nzuri zaidi na giza lenye kina, na hayo unayaona hata ukiwa mlangoni. Basi ukienda dukani uliza rangi na mwangaza.

Kuhusu kebo ya HDMI iliyopakwa dhahabu: kwa mita moja au mbili, ya bei poa yenye kiwango kinachotakiwa hupitisha picha ileile. Ya mita 15 ndiyo ya kuchagua kwa uangalifu.

"1080p ni 1080p tu, iwe ya diski au ya bando"

1080p ni hiyo Full HD. Ukubwa wa fremu ni mmoja, unga ndio tofauti. Blu-ray inaruhusiwa kumwaga hadi megabiti 40 za video kwa sekunde. Filamu ya Full HD ya intaneti kwa kawaida huja na kama 5. Mbinu za kubana zimeendelea sana, H.264 ya 2003 na HEVC ya 2013 zimefanya maajabu, ila kubana ni kutupa kile ambacho jicho halitakikosa haraka. Tazama tukio la usiku, moshi, au mvua: utaona vigae vyeusi vikihamahama ukutani. Na hizo megabiti 5 kwa saa mbili ni GB 4.5, karibu DVD nzima, kabla hujaona majina ya mwisho.

"Simu ya megapikseli 108 inapiga video kali"

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Fremu ya Full HD ni megapikseli 2. Ya 4K ni 8 na kidogo. Zilizobaki zinaunganishwa au kuachwa. Video inajengwa na ukubwa wa sensa inayodaka mwanga, lenzi, utulivu wa mkono, na taa. iPhone ya kwanza, 2007, haikurekodi video kabisa, na ya 2009 ilirekodi 640 kwa 480. Mwaka 2015 Sean Baker wa Marekani alipeleka tamasha la Sundance filamu nzima iliyopigwa kwa iPhone 5s, kamera ya megapikseli 8, ila alifunga lenzi ya ziada na kifaa cha kutuliza simu. Kwenye harusi naona simu mpya kabisa zikivuta zumu kutoka meza ya mwisho. Zumu ile mara nyingi ni kukata picha na kuitanua. Inuka, sogea mbele.

Turudi kwa mama. Mkanda wake niliuhamisha kwa mistari yake 576, bila nyongeza. Kabla hajalipa nikauwasha kwenye TV yangu ya chogo, mashine ambayo VHS ilitengenezewa, na pale ukungu ulipungua nusu. Alisimama mpaka wapambe wakaingia ukumbini.

Siku mbili baadaye akanipigia. "Mwanangu, binti yangu yuko Muscat, nimemtumia kipande. Anasema ameona moshi mtupu."

"Umetuma vipi, mama?"

"Kwa WhatsApp, kama ninavyotuma siku zote."

WhatsApp ukiipa video huibana tena, juu ya vile ilivyokwishabanwa. Nikamwelekeza: bonyeza alama ya pini, acha palipoandikwa picha na video, chagua dokumenti, lichukue faili hilohilo. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka. "Ameniona. Sasa anauliza lile gauni liko wapi."