Kuomba uraia wa Marekani bila wakili: anza na jalada lako

Kama una grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), hujawahi kukamatwa na polisi, na hukukaa nje ya Marekani kwa muda mrefu, ombi la uraia unaweza kulifanya mwenyewe. Fomu ni moja, N-400, nayo inapatikana bure kwenye tovuti ya USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji. Wengi ninaoona wamekwama hawakukwamishwa na ugumu wa sheria. Walikwama kwa sababu walichoandika leo hakifanani na walichosema kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale miaka kumi iliyopita, na afisa anayewahoji ana karatasi zote mbili mbele yake.

Kila mkaazi wa kudumu ana namba inayoanza na herufi A, imeandikwa kwenye kadi yake. Chini ya namba hiyo kuna jalada lenye mahojiano yako ya ukimbizi, orodha ya ndugu na watoto uliyoitoa kambini, ombi lako la grini kadi, picha na alama za vidole. Sheria ya Marekani ya uhuru wa kupata habari inakuruhusu kuomba nakala ya jalada hilo kupitia akaunti ya mtandaoni ya USCIS. Kuomba nakala hakuharibu kesi yako. Inaweza kuchukua wiki au miezi, kwa hiyo iombe mapema, hasa kama mahojiano ya kambini yalifanywa na baba au mjomba wako na wewe hujui alisema nini.

Ukilipata, tazama mambo manne: majina, tarehe za kuzaliwa, ndoa na watoto. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari si kosa kwa yenyewe. Wakimbizi wengi waliandikiwa hiyo. Tatizo huja pale N-400 inapotaja tarehe nyingine bila maelezo. Fahamu pia kwamba tarehe ya kuzaliwa ikishaandikwa kwenye cheti cha uraia nawe umeapa kuwa ni sahihi, USCIS kwa kawaida haiibadilishi tena. Kama una hati halali ya kuonyesha tarehe ya kweli, itoe kabla ya kiapo. Majina nayo huchanganyika: Mkongo mwenye majina matatu anakuta la ukoo limekaa mahali pa jina la kwanza. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi, na majina mengine yote uliyowahi kutumia yaweke kwenye sehemu ya majina mengine. Ukitaka kubadilisha jina kabisa, fomu yenyewe ina nafasi ya kuomba hivyo. Hapo utaapa mbele ya jaji, na baadhi ya maeneo husubiri zaidi kwa ajili hiyo.

Watoto ndio wenye mtego mkubwa. Kwetu mtoto wa marehemu kaka ni mtoto wako, na kambini familia nyingi zilimwandikisha hivyo. Fomu ya Marekani inauliza watoto walio chini ya miaka 18: uliowazaa, wa kuasili na wa kambo, popote walipo. Jalada likisema watoto sita wa umri huo na N-400 ikisema wanne, afisa atauliza wale wawili ni nani, na swali hilo linaweza kurudi hadi kwenye ukimbizi wenyewe. Ukigundua tofauti ya namna hii, usitume fomu. Nenda kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani anayefanya kazi na shirika lisilo la faida. Huduma zao mara nyingi ni za bure au za bei ndogo. Usiende kwa notari. Congo notari ni mtu wa sheria. Marekani kazi yake ni kushuhudia saini tu, na haruhusiwi kukushauri juu ya uhamiaji.

Sasa tarehe. Mkaazi wa kudumu huomba baada ya miaka 5, au miaka 3 kama amekuwa akiishi na mume au mke ambaye ni raia wa Marekani muda wote huo, na mwenzi huyo amekuwa raia kwa miaka 3 kamili. Miaka inahesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye kadi penye maneno “Resident Since” (mkaazi tangu), wala si siku kadi ilipofika kwa posta. Kwa mkimbizi tarehe hiyo hurudishwa hadi siku alipotua Marekani. Kwa aliyepewa hifadhi akiwa ndani ya nchi, hurudishwa mwaka 1 kabla ya grini kadi kukubaliwa. Wapo wanaosubiri mwaka mzima bure kwa kutolijua hili.

Unaruhusiwa kutuma siku 90 kabla ya kutimiza muda. Siku 90 si miezi mitatu. Kadi ikisema 15 Septemba 2021, miaka 5 inatimia 15 Septemba 2026, na siku ya kwanza ya kutuma ni 17 Juni 2026. Anayerudi miezi mitatu kwa kalenda atatuma 15 Juni, siku mbili mapema. Ombi lake linaweza kukataliwa na ada isirudi. Tovuti ya USCIS ina kikokotoo cha tarehe hiyo. Kitumie, kisha ongeza siku chache za usalama.

Safari zina hesabu mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni jumla ya siku: ndani ya miaka 5 lazima uwe umekuwapo Marekani kwa mwili siku 913, au siku 548 kwa wale wa miaka 3. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kama ulikuwa Marekani. Hesabu ya pili ni urefu wa safari moja moja. Safari ya zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka inachukuliwa kuwa imekata ukaazi wako, mpaka uthibitishe vinginevyo: kazi hukuiacha, nyumba uliendelea kulipia, familia ilibaki, kodi ulitangaza. Safari ya mwaka mzima au zaidi inaukata, hata kama mama alikuwa mgonjwa Bukavu na hukuwa na namna. Baada ya hapo kwa kawaida unasubiri angalau miaka 4 na siku 1 tangu uliporudi. Ugonjwa wa mzazi ni sababu ya kweli na ya kuhuzunisha, lakini peke yake hauthibitishi kwamba makazi yako yalibaki Marekani. Peleka karatasi za nyumba na kazi.

Orodhesha kila safari iliyozidi saa 24, hata ya kuvuka kwa gari kwenda Canada harusini. Usiandike kwa kukumbuka. Fungua mihuri ya pasipoti, tiketi za zamani kwenye barua pepe, na rekodi ya kuingia na kutoka kwenye tovuti ya idara ya forodha na mipaka.

Kuhusu ada: tangu 1 Aprili 2024 ni dola 710 ukituma mtandaoni na dola 760 kwa karatasi. Kipato cha kaya kikiwa hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali, unalipa dola 380. Kikiwa hakizidi asilimia 150, au kama mnapata SNAP (msaada wa chakula), Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au SSI (posho ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo), unaweza kuomba usamehewe ada yote kwa fomu I-912. Nafuu zote mbili huombwa kwa fomu ya karatasi, si mtandaoni. Kuwa na Medicaid au SNAP uliyoipata kihalali hakukunyimi uraia. Hofu hiyo imewazuia wazee wengi bila sababu. Wanaotuma kwa karatasi wafahamu pia kwamba tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 USCIS haipokei hundi wala manioda (money order): lipa kwa kadi ukitumia fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka akaunti ya benki kwa G-1650. Akaunti ikiwa haina hela siku hiyo, fomu yote inarudi. Ambatisha nakala ya grini kadi, mbele na nyuma. Hati ya Kifaransa au Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye tamko lililosainiwa na mfasiri kuwa anazijua lugha zote mbili.

Kama kadi yako inakaribia kuisha, huhitaji kulipia mpya kwa sababu hiyo tu. Tangu 12 Desemba 2022, barua ya kupokelewa kwa N-400 huiongezea kadi miezi 24. Zibebe pamoja. Ukihama, badilisha anwani USCIS ndani ya siku 10. Posta kukupelekea barua nyumba mpya hakutoshi, na barua ya mahojiano ikipotea kesi inaweza kufungwa.

Ile sehemu ndefu ya fomu yenye maswali ya “Have you ever” (je, umewahi) ndiyo inayotaka utulivu. Neno “ever” maana yake maishani mwako mwote, nchi yoyote, si miaka 5 tu. Polisi walikukamata Dar es Salaam ukaachiwa asubuhi? Jibu ni ndiyo, na eleza. Tiketi ya mwendo kasi nayo itaje, ingawa hati zake kwa kawaida hazitakiwi isipokuwa kulikuwa na pombe, dawa za kulevya, kukamatwa au mtu kuumia vibaya. Bangi ni kosa kwa sheria ya taifa hata pale jimbo lako linapoiruhusu, na kufanya kazi kwenye duka au shamba la bangi kumewaharibia watu. Swali la kujiandikisha kupiga kura halina mzaha: wapo walioandikishwa kwenye ofisi ya leseni za magari kwa kusema ndiyo wasichokielewa. Mwanamume aliyeishi Marekani kama mkaazi au mkimbizi kati ya miaka 18 na 26 alitakiwa kujiandikisha Selective Service, ofisi ya serikali yenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Ukiwa bado hujafika 26, jiandikishe leo. Ukiwa kati ya 26 na 31 na hukujiandikisha, andaa maelezo ya kwa nini na barua ya hali yako kutoka ofisi hiyo.

Wakongo wataulizwa pia juu ya vikundi vyenye silaha. Aliyelazimishwa kubeba mizigo ya wanamgambo wa Mai-Mai akiwa na miaka 13 asiandike hapana kwa aibu au hofu. Lakini asiende peke yake. Hilo, kukamatwa kwa kosa lolote zito, amri ya kufukuzwa nchini, wake wawili kwa wakati mmoja, kura au kudai uraia kabla ya kuwa raia: hayo yote nayaweka upande wa wakili, bila kubishana. Ombi likikataliwa kwa sababu mbaya, unaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji ukitetea grini kadi yenyewe.

Na kabla ya kulipa, soma matangazo mapya ya USCIS. Desemba 2025 ilisimamisha uamuzi wa maombi ya watu wa nchi kadhaa, Burundi na Somalia zikiwemo, na orodha kama hizo hubadilika.

Kwenye mahojiano afisa anapitia fomu yako, na hapo hapo anapima Kiingereza chako cha kuzungumza. Kisha utasoma sentensi kwa sauti na kuandika nyingine. Kila upande una nafasi tatu, moja ikiwa sawa inatosha. Kosa dogo la tahajia halikuangushi kama maana imebaki. Waliotuma kuanzia 20 Oktoba 2025 wanafanya mtihani mpya wa uraia: maswali 128 ya kujifunza, wanaulizwa hadi 20, wanatakiwa kupata 12. Waliotuma kabla ya hapo wana maswali 100, wanaulizwa hadi 10, wanatakiwa kupata 6. Ushauri wangu: maswali ya historia yakishaingia kichwani, rudi kwenye fomu. Watu wanaojua idadi ya maseneta huanguka wakiulizwa maana ya neno lililo kwenye N-400 yao wenyewe. Usipoelewa, omba afisa arudie. Kusema ndiyo kwa kila swali ndiko kunakotia mashaka. Ukianguka, utaitwa tena kati ya siku 60 na 90 kwa sehemu uliyoanguka tu.

Mzee wa miaka 50 mwenye miaka 20 ya ukaazi wa kudumu, au wa 55 mwenye miaka 15, hafanyi Kiingereza. Anajibu maswali ya uraia kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kibembe akiwa na mkalimani wake. Mwenye miaka 65 na ukaazi wa miaka 20 anasoma maswali 20 tu. Bibi asiyeweza kujifunza kwa sababu ya ugonjwa, kama kupoteza kumbukumbu au madhara ya kiharusi, daktari wake anaweza kujaza N-648, fomu ya kuomba asamehewe mtihani kwa ugonjwa, iliyosainiwa si zaidi ya siku 180 kabla ya kutuma. Nyingi hukataliwa kwa sababu daktari ameandika ugonjwa bila kueleza unamzuiaje mgonjwa kujifunza. Kuzeeka na kutosoma shule pekee havikubaliki.

Fikiria pia uraia ulio nao. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinaruhusu uraia pacha. Mkenya anatakiwa kuijulisha serikali yake ndani ya miezi 3. Tanzania haimruhusu mtu mzima, na katiba ya Congo inasema uraia wao hauchanganyiki na mwingine.

Siku ya kiapo unarudisha grini kadi na kupewa cheti. Kisome herufi kwa herufi kabla hujatoka ukumbini, maana kosa la USCIS ni rahisi kulirekebisha mapema. Mtoto wako mwenye grini kadi, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi nawe chini ya malezi yako ya kisheria, anakuwa raia dakika hiyo hiyo bila fomu. Kwa hiyo ukiwa na kijana wa miaka 17, usichelewe kutuma. Ushahidi wake wa bei nafuu ni pasipoti, unayoiomba kwa kupeleka cheti chako, cheti chake cha kuzaliwa na grini kadi yake. Cheti chake mwenyewe cha uraia kupitia fomu N-600 ni dola 1,335 mtandaoni, na kinaweza kusubiri.